Nani Wakili wa Jagga? Uhuni, Nasaba na Kukua katika Filamu ya Awaara Itazamwapo kutoka Mombasa

Filamu ya Awaara, iliyotolewa mwaka 1951 na kuongozwa na Raj Kapoor, ambaye ndiye pia mwigizaji wake mkuu, ni miongoni mwa picha za Kihindi zilizopendwa mno katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu majumba ya sinema ya mijini Tanzania, ameonyesha jinsi watazamaji walivyoendelea kuikumbuka miongo mingi baada ya kuiona. Mombasa nayo, iliyokuwa na majumba yake ya Regal, Majestic na Naaz, haikuwa nje ya mkondo huo. Mapenzi hayo yamezoeleka kuelezwa kwa sababu nyepesi: nyimbo tamu, machozi mengi, sura nzuri ya Nargis. Sababu hizo si za uongo, bali hazitoshi. Picha nyingi zilikuwa na nyimbo tamu na sura nzuri, zikaonyeshwa wiki mbili na kusahauliwa. Awaara ilibaki.

Makala haya yanashikilia kwamba filamu hii ilikuta Mombasa swali ambalo mji huo ulikuwa ukijiuliza zamani, nalo ni swali la nasaba. Husemwa kuwa hii ni hadithi ya kijana mzururaji anayekua kwa shingo upande, akivutwa na mapenzi ya mwanamke kutoka katika wizi na mzaha hadi katika utu uzima. Lakini ukiitazama kwa makini utaona kuwa Raj hakatai kukua. Kila mlango wa utu uzima anaoubisha humwuliza jina la baba yake kabla ya kufunguka. Na makala haya yanashikilia jambo la pili, lisilopendeza sana kwa wapenzi wa filamu hii: kwamba baada ya kuliuliza swali hilo kwa ujasiri mkubwa, mwisho wake filamu inalikwepa.

Inafaa kuanza na jina. Awaara ni neno lililoingia katika lugha za Bara Hindi kutoka Kiajemi, na maana yake ni mtu atangatangaye bila makao. Kiswahili kinayo maneno kadhaa ya karibu, kama vile mzururaji na mzembe, lakini lililo karibu zaidi na roho ya filamu ni mhuni. Siku hizi neno hilo limeelemea upande wa ukorofi na uhalifu, hata msomaji kijana aweza kusahau kwamba makamusi ya zamani humweleza mhuni kuwa mtu wa kutangatanga asiye na kwao, na pengine mtu ambaye hajaoa. Maana hiyo ya kale inafundisha jambo. Kinyume cha mhuni hakikuwa mtu mwema. Kinyume chake kilikuwa mtu mwenye kwao, aliyefungwa na mji kwa kamba mbili, ya ukoo aliozaliwa na ya nyumba aliyooa. Aliyekosa zote mbili alikuwa mhuni hata kama hakuwahi kuiba kijiko.

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, mgeni akikaribishwa barazani hakuulizwa kwanza anafanya kazi gani. Aliulizwa ni mwana wa nani. Jibu lake lilimweka mahali pake: mtaani, katika mojawapo ya Thenashara Taifa, yaani upande wa Taifa Tisa au upande wa Taifa Tatu, au nje ya hesabu hiyo kabisa. Wakati wa ukoloni swali hilo halikuwa la heshima tu. Serikali iliwagawa watu kwa asili, na kuhesabiwa upande huu au ule kulibadili kodi ya mtu na haki zake, ndiyo maana Thenashara Taifa walipigania kwa miaka mingi hadhi yao katika daftari za wakoloni. Na walikuwako watu ambao jibu la swali lile liliwachoma. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, miaka 44 tu kabla ya Awaara kutolewa. Mtu aliyekuwa kijana mwaka wa kufutwa kwa utumwa aliweza kabisa kuwa mzee mwenye fimbo yake katika viti vya sinema, kando yake ameketi mjukuu wa bwana wake wa zamani, wote wawili wakitazama kesi ya mtu asiye na baba.

Kwa maana filamu hii ni kesi. Inaanzia mahakamani na kuishia humo. Raj anashtakiwa kwa kujaribu kumwua Jaji Raghunath, na anayesimama kumtetea ni Rita, wakili kijana aliyelelewa na Jaji huyo huyo. Maswali ya Rita kwa mlezi wake ndiyo yanayofungua hadithi yote ya nyuma. Zamani Raghunath alimhukumu mtu aitwaye Jagga kwa kosa la kumnajisi mwanamke, kwa ushahidi mdogo, akijitosheleza kwa hoja kwamba mwana wa mwizi hana budi kuwa mwizi na mwana wa mtu mwema huwa mwema. Jagga alitoroka, akawa kweli yule jambazi aliyesingiziwa kuwa, akamteka nyara Leela, mkewe Jaji. Alipojua kuwa ni mjamzito alimwachilia baada ya siku chache, akijua kwamba shaka peke yake itatosha kuifanya kazi yake. Ilitosha. Jaji alimfukuza mkewe, naye akajifungua njiani usiku wa mvua. Mtoto alikulia katika vibanda vya Bombay, na Jagga akamngojea huko kumfundisha wizi, ili siku moja mwana wa jaji aonekane mbele ya ulimwengu kuwa mwizi.

K. A. Abbas, aliyeiandika hadithi hii pamoja na V. P. Sathe, alikuwa mwandishi wa mrengo wa kushoto, na mpango wake ni wazi kama hesabu. Anaichukua nadharia ya damu na kuijaribu kwa kumchukua mtoto wa damu njema na kumtia katika malezi mabaya. Msomaji wa Kiswahili ataona kwamba kesi hii imekwisha kusikilizwa katika lugha yake. Upande mmoja inasimama methali isemayo kuwa mwana wa nyoka ni nyoka. Upande wa pili inasimama isemayo kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wahenga wameziacha zote mbili bila hukumu, na barazani kila mtu huteua ile inayofaa hoja yake ya siku hiyo. Raghunath ni mtu aliyeijua methali moja tu. Ubaya wake hautokani na ukatili. Ni mtu mwenye adabu, msomi, anayempenda mkewe. Ameipandisha methali kuwa sheria, akaivalisha joho.

Ucheshi wa filamu unamhusu Raj peke yake, na hapo ndipo ustadi wa Kapoor unapong'aa. Inajulikana kuwa alimwiga Chaplin: suruali iliyopanda juu ya vifundo, kofia, mwendo wa kurukaruka, uso unaocheka huku macho yakilia. Wahakiki wengine wameuona mwigo huo kuwa udhaifu. Hoja hiyo haina uzito mkubwa, kwa sababu mzururaji wa Chaplin hana historia. Hajulikani alikotoka, wala filamu haimwulizi. Mzururaji wa Kapoor anayo historia nzito kuliko yeye mwenyewe, ila haijui. Kila mzaha wake una upande wa pili ambao mtazamaji anauona na yeye hauoni.

Mfano bora ni ule wa mkoba. Raj anampora mwanamke mkoba barabarani, kisha anajifanya kumkimbiza mwizi, anazunguka pembeni, anapigana na hewa, na kurudi na mkoba kama shujaa aliyeuokoa. Watu hucheka, na wana haki ya kucheka. Lakini hebu itazamwe tena. Mtu mmoja anafanya kazi ya mwizi na ya mlinzi, na kazi zote mbili anazifanya vizuri. Umbali kati ya mwizi na mtu mwema ni hatua chache za kuzunguka ukuta. Hoja nzima ya kupinga nadharia ya Jaji imewekwa katika mchezo wa nusu dakika usio na neno hata moja la falsafa, na mtazamaji wa Mombasa asiyejua Kihindi aliielewa sawasawa na yule wa Bombay.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi, na pengine ndiyo fundo la filamu yote. Rita anasherehekea siku yake ya kuzaliwa. Raj hana cha kumpa, na njiani anamwibia bwana mmoja kidani. Bwana huyo ni Jaji Raghunath, ambaye amemnunulia Rita kidani hicho. Katika sherehe Raj anatoa kidani kisicho na kisanduku, na Jaji anatoa kisanduku kisicho na kidani. Ni kichekesho kilichopangwa kama saa. Baba na mwana wamekuja na nusu mbili za zawadi moja, kila mmoja akiwa na kile ambacho mwenzake amekosa: mmoja ana kito bila jina, mwingine ana jina bila kito. Hakuna anayejua isipokuwa mtazamaji, na muda si mrefu Rita. Huu ndio utungo wa tanzia yenye kicheko ambao fasihi yetu ya Kiswahili, iliyozoea kutenga kicheko na kilio katika sura mbalimbali, ingeweza kujifunza kwake. Kicheko hapa hakiji kupumzisha machozi. Kinayatayarisha.

Sasa ije milango. Wa kwanza ni shule. Mama yake Raj anamtaka awe mtu wa sheria, lakini mtoto hung'arisha viatu ili apate kusoma, na kazi hiyo hiyo inamwondoa shuleni. Wa pili ni mkate. Mama yu hoi kwa njaa, Raj anaiba mkate, anafungwa, na gerezani anapewa mkate bure, ambao kama angeupata nje asingeingia ndani. Wa tatu ni kiwanda. Hapa filamu inapita haraka kuliko ilivyostahili. Raj ameamua kuacha wizi, anapata kazi, anaifanya kwa moyo. Inagunduliwa kuwa aliwahi kufungwa, anafukuzwa. Huo ni mwendo wa dakika chache tu, na bado ndio unaoiunganisha filamu na kisiwa cha Mombasa kuliko ndoto yote ya mbinguni na motoni, ile ndoto maarufu ya dakika tisa hivi ambayo wahakiki wa filamu wameipamba kwa sifa nyingi.

Kwa nini? Kwa sababu upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, palikuwa na watu ambao serikali iliwaita wazururaji na walikuwa ndio wabeba mizigo ya bandari yote. Neno kibarua lina historia ya kushangaza. Mwanzo ni barua ndogo, karatasi aliyopewa mtu kuthibitisha kazi ya siku moja. Kisha likawa jina la kazi yenyewe, na mwisho jina la mtu: mtu akawa karatasi yake. Frederick Cooper, katika utafiti wake wa mwaka 1987 juu ya bandari ya Mombasa, ameeleza jinsi baada ya migomo ya 1939 na 1947 watawala walivyoanza kumwona kibarua wa siku kuwa hatari. Aliweza kufanya kazi siku chache, akaacha, akaishi kwa jamaa zake au kwa shamba lake, na asiogope kufukuzwa kwa kuwa hakuwa na cha kufukuziwa. Dawa iliyobuniwa ilikuwa kumsajili, kumpa kazi ya kudumu, na kumfanya mtu wa nyumba, mke na mshahara. Kwa lugha nyingine, serikali iliamua kumkuza. Kukua kukawa amri ya utawala. Wakati Awaara inaonyeshwa mjini, amri hiyo ilikuwa ikitekelezwa, na wale ambao majina yao hayakuingia katika daftari walibaki nje ya lango, wakongwe wa kazi lakini watoto wa sheria.

Kwa hiyo yafaa kuwaza namna mbili za kuitazama filamu hii katika kisiwa kimoja. Kwa mtazamaji wa Kuze au Kibokoni, mwenye nyumba ya mawe na shajara ya ukoo, uchungu wa filamu ulikuwa wa baba: mtu mkubwa aliyemtupa mwanawe mwenyewe kwa kusikiliza maneno ya watu. Kwa mtazamaji wa Majengo, aliyekuja kutafuta kazi na kupanga chumba katika nyumba ya Kiswahili, uchungu ulikuwa wa kiwandani: mtu aliyetubu na toba yake isipokewe. Filamu ilitosha kuwaliza wote wawili kwa sababu ilikuwa na hadithi mbili. Tatizo lake ni kwamba hadithi hizo hazikubaliani.

Kabla ya kufikia hapo, neno juu ya wanawake, ambao ndio wanaolipa gharama ya kukua kwa Raj. Leela ameandikwa kwa mfano wa Sita, mke safi anayefukuzwa kwa sababu ya uvumi, na wimbo unaoandamana na kufukuzwa kwake hauachi shaka juu ya kusudi hilo. Mwanamke wa Mombasa hakuhitaji kuijua Ramayana ili kuelewa hali ya mke anayerudishwa bila kosa. Ila mke wa Mombasa hurudishwa kwao, na neno kwao ndilo tegemeo lake lote. Leela hana kwao. Anaishia kugongwa na gari akimkimbilia mume aliyemfukuza, na filamu haimpi hata sentensi moja ya hasira. Rita amepewa zaidi. Ni wakili, anasimama mahakamani, anamhoji mzee aliyemlea. Lakini ni Rita huyo huyo anayepigwa kofi na Raj ufukweni kwa kumtania kuwa ni mtu wa porini, na filamu inaligeuza kofi hilo kuwa mwanzo wa mapenzi. Mzururaji asiyekuwa na mamlaka juu ya kitu chochote ulimwenguni anapata kitu cha kwanza cha kukitawala, na kamera inamsaidia. Kama hii ndiyo dalili ya kuwa mwanamume mzima, basi Raj alikuwa amekua mapema kuliko filamu inavyodai.

Sasa hukumu. Raj anamwua Jagga akimkinga mama yake. Baadaye anajua kuwa Jaji Raghunath ni baba yake, anakwenda kumwua kwa kisu, anashindwa, anafikishwa mbele ya mahakama. Huko hajitetei. Anaiomba mahakama ifikirie watoto wengine wa mitaa ya uchafu, ambao wanakua kama alivyokua yeye. Hotuba hiyo ni nzuri, na Kapoor anaisema kwa utulivu usio wa kawaida katika picha za wakati wake. Anahukumiwa miaka mitatu. Baba anamjia kizuizini, anakubaliwa. Rita anaahidi kungoja. Raj anaahidi kujirekebisha.

Nini kimethibitishwa? Kwamba mwana wa jaji aweza kuwa mwizi. Hilo limethibitishwa vizuri, na Raghunath ameshindwa. Lakini nadharia ya Raghunath ilikuwa na kiwiko cha pili: kwamba mwana wa mwizi hawezi kuwa mtu mwema. Kiwiko hicho filamu haikukigusa. Mzururaji anayesamehewa, anayependwa, anayengojewa nje ya gereza, ni mwana wa jaji. Mlango unafunguka siku ile jina la baba linapopatikana. Mtu wa Majengo aliyelia kwa ajili ya kiwanda anarudi nyumbani akiwa amefundishwa, bila kutakiwa kukubali, kwamba Raj alistahili kutoka matopeni kwa sababu hakuwa wa matopeni. Nasaba imefukuzwa kwa mlango wa mbele na kurudishwa kwa dirisha la nyuma.

Katika hili filamu ina kinaya ambacho bila shaka haikukikusudia. Raghunath ameigizwa na Prithviraj Kapoor, baba halisi wa Raj Kapoor. Raj mtoto ameigizwa na Shashi, ndugu yake mdogo. Mzee anayeketi katika kiti cha jaji wa kesi ni Basheshwarnath, baba yake Prithviraj. Vizazi vitatu vya nyumba moja vimekusanyika kuuambia ulimwengu kwamba ukoo si kitu.

Riwaya ya Kiswahili iliwahi kulikabili jambo hili kwa ukali zaidi. Katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1976, Rehema ni binti wa tajiri anayetengwa na ukoo wa baba yake, naye huhangaika mjini kama Raj alivyohangaika. Lakini mwandishi hamrudishi mikononi mwa baba. Anampeleka kwa Sulubu, mtu wa jembe, na utu uzima wa Rehema unapatikana katika ardhi wanayoilima pamoja. Na hata hapo ukoo unawafuata kuidai ardhi hiyo. Mohamed hakumwonea haya msomaji wake: alijua kwamba jina la baba si ufunguo tu, ni hati ya kumiliki. Mombasa kwenyewe, Ahmad Nassir Juma Bhalo aliutunga Utenzi wa Mtu ni Utu, ambao Kai Kresse ameuchambua kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya falsafa ya Mombasa. Jina la utenzi huo pekee linatosha kuionyesha tofauti. Haliulizi mtu ni wa nani. Linamfafanua mtu kwa utu wake, yaani kwa atendavyo. Mshairi wa Mji wa Kale, aliyekuwa na ukoo wa kujivunia, alikwenda mbali kuliko mwandishi wa mrengo wa kushoto wa Bombay.

Jina la Bhalo linaleta jambo la nyimbo, ambalo haliwezi kuachwa hata kwa ufupi. Juma Bhalo (1942–2014), ndugu wa ukoo wa mshairi huyo, ndiye aliyeipa taarab ya Kihindi ya Mombasa sauti yake mashuhuri: lahani za filamu za Kihindi zikitiwa mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani kamili. Watu wa nje huiona sanaa hii kuwa kuiga. Mwenye kujua ushairi ataona kwamba ni kazi ngumu, kwa maana muziki wa filamu haukutungwa kwa kuhesabu mizani nane nane, na mwimbaji hulazimika kuivuta sauti ili beti zikae. Linalohusu hoja hii ni kwamba lahani zilihama bila wenyewe. Nyimbo za sinema, ambazo mara nyingi huimbwa na wapenzi waliotengwa na vijana wasio na makao, zilikuja kuimbwa katika harusi, yaani mahali pale hasa ambapo mji humtoa kijana katika uhuni na kumwandika kuwa mtu mwenye nyumba, mbele ya koo mbili zilizovaa nguo zao bora. Maneno mapya yalikuwa ya mapenzi, ya mafumbo, ya wasia. Mji ulichukua sauti ya mzururaji na kumwacha yeye mwenyewe nje ya ukumbi. Pengine huo nao ulikuwa uhakiki wa filamu, tena wenye akili.

Inabaki habari ya Jagga. K. N. Singh anamwigiza kwa jicho baridi, na watazamaji wa kila mahali wamemchukia kama walivyotakiwa. Lakini hadithi yote ya Awaara imejengwa juu ya dhuluma aliyotendewa yeye. Yeye ndiye mwana wa mwizi. Yeye ndiye aliyehukumiwa kwa methali. Kama kuna mtu ambaye angeweza kuivunja nadharia ya Jaji kwa ukamilifu, ni Jagga aliyepewa kazi, Jagga aliyesamehewa, Jagga aliyengojewa na mtu nje ya gereza. Filamu inamhitaji awe mbaya ili Raj aonekane mwema, kwa hiyo inamfanya mbaya na kumwua, na anayemwua ni mwana wa yule aliyemdhulumu. Rita, wakili hodari, anamhoji Jaji juu ya mke wake na mtoto wake. Hamhoji juu ya ushahidi wa kesi ile ya kwanza. Jaji anatubu kwa kumfukuza Leela, anatubu kwa kumtupa Raj. Kwa Jagga hatubu, wala mahakamani hakuna anayemkumbusha. Faili la kesi hiyo halifunguliwi tena.